Kunguru wa Nairobi si yule wa Mombasa

Tangu Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) litangaze Juni 2024 mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja katika ukanda wa Pwani, huenda wakazi wa Eastlands wamejiuliza iwapo kunguru wanaotua kwenye paa za Umoja, Kayole na Buruburu nao wanalengwa. La, hawalengwi.

Ndege hao wawili ni wa jamii moja na, japo masikio yatakataa, wanasayansi huwahesabu miongoni mwa ndege waimbao. Kunguru aliyezoeleka Nairobi ni wa kienyeji. Ni mweusi, lakini ana kifua cheupe na ukosi mweupe unaozunguka hadi mgongoni, kana kwamba amevaa fulana. Kunguru wa India, ambaye wengi Pwani humwita kurabu, ni mdogo kidogo na mwembamba, na hana weupe wowote. Shingo na kifua chake ni rangi ya majivu.

Kurabu aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha taka. Kufikia miaka ya 1940 alikuwa Mombasa. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, hunyakua vifaranga vya kuku, na akiwa na kundi lake huwafukuza hata ndege wanaomzidi ukubwa. Katika miji ya Pwani alikozagaa, kunguru mwenye kifua cheupe amepungua.

Kimataifa, wote wawili wamewekwa katika daraja la ndege wasio hatarini kutoweka, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Daraja hilo hupima iwapo aina fulani inaweza kuisha duniani. Halisemi nani mwenyeji na nani mvamizi.

Kurabu amekuwa akisogea bara kwa kufuata barabara kuu ya Mombasa, mji baada ya mji, popote penye taka zilizo wazi. Jiji lenye jaa kama la Dandora, lililofunguliwa 1975, lingemfaa sana. Ndiyo maana taka za nyumbani zifungwe vizuri na zisimwagwe kando ya barabara.

Mkazi atakayeona kunguru mwenye shingo ya kijivu ampige picha, aandike mahali na tarehe, kisha aarifu ofisi ya KWS au kitengo cha ndege cha Makavazi ya Kitaifa. Asitege sumu. Ile ya Pwani hutumiwa na wataalamu kwa kibali. Ya dukani, ikipakwa kwenye nyama, itaua kunguru wa kienyeji, mwewe na mbwa wa jirani.