"What time do you close?" Uliza Saa Kabla ya Kutoa Nauli

Pesa iliyo kwenye simu hailali. Unaweza kuituma saa nane usiku na ikafika papo hapo. Lakini ajenti analala, duka la dawa linafungwa, na supamaketi ina mlinzi anayeshusha mlango saa ikifika. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na pesa ya kutosha kwenye simu, na bado akakuta kufuli mlangoni. Nauli ya kwenda imeisha, na ya kurudi inamngoja.

Swali moja kwa simu lingemwokoa. Na kwa sababu maduka mengi mjini hubandika saa zao mlangoni kwa Kiingereza, na wengine hupokea simu kwa Kiingereza, tumekuandalia sentensi chache za kutumia. Hiki si Kiingereza cha mtihani, ni cha dukani tu.

Kwanza, zile saa sita za tofauti

Maneno yenyewe ni rahisi. Kinachotuchanganya ni hesabu. Kwa Kiswahili tunaanza kuhesabu saa asubuhi jua linapochomoza, na tena jioni linapotua. Kiingereza huanza kuhesabu katikati ya usiku, kisha tena katikati ya mchana. Tofauti ni saa sita, kila siku.

Sasa ona. Mhudumu akikwambia "We open at two," nawe ukashika saa mbili, utafika asubuhi na kukaa nje saa sita nzima. Yeye alimaanisha saa nane mchana. Akisema "We close at eight," nawe ukashika saa nane, utaghairi safari ukidhani umechelewa, kumbe wako wazi hadi saa mbili usiku.

Njia rahisi ni kutazama uso wa saa ya ukutani. Namba inayotajwa kwa Kiingereza, tafuta iliyo mkabala nayo. Mkabala na 8 kuna 2, kwa hivyo "eight" ni saa mbili. Mkabala na 9 kuna 3, kwa hivyo "nine" ni saa tatu. Mkabala na 12 kuna 6, kwa hivyo "twelve" ni saa sita.

Maswali ya kuuliza

- "What time do you open?" Mnafungua saa ngapi?
- "What time do you close today?" Leo mnafunga saa ngapi? Usiache neno "today", kwa sababu Jumamosi maduka mengine hufunga mapema.
- "Are you open on Sundays?" Jumapili mko wazi?
- "Are you open on public holidays?" Sikukuu je? Kumbuka kwamba hapa Kenya sikukuu ya taifa ikiangukia Jumapili, Jumatatu inayofuata huwa sikukuu pia. Ndivyo ilivyokuwa Jamhuri ya 2021: tarehe 12 Desemba ilikuwa Jumapili, na watu wakapumzika tarehe 13.
- "Do you close for lunch?" Mnafunga wakati wa chakula cha mchana?
- "Do you have cash?" Hili ni la ajenti. Mlango unaweza kuwa wazi na pesa taslimu zimeisha. Kama unataka kutoa pesa nyingi, taja kiasi kabisa: "Can I withdraw twenty thousand?"

Kulielewa jibu

Ukiona "a.m." baada ya namba, ni kuanzia saa sita usiku hadi kabla ya saa sita mchana. "P.m." ni kuanzia saa sita mchana hadi kabla ya saa sita usiku. "Noon" ni saa sita mchana, "midnight" ni saa sita usiku. "Half past eight" ni saa mbili na nusu, na "quarter to six" ni saa kumi na mbili kasorobo.

Neno moja lina mtego: "till". Mhudumu akisema "We're open till nine," hakupi namba ya kulipia. Anasema wako wazi hadi saa tatu. Namba ya kulipia utaiuliza hivi: "What's your till number?"

Kama bado una shaka, rudia ulichosikia: "So, eight in the evening?" Hakuna atakayekucheka. Hata wanaozungumza Kiingereza kila siku hurudia.

Saa hizohizo ziko kwenye ujumbe wako

Ujumbe wa kuthibitisha muamala mara nyingi hutumia saa za Kiingereza. 7:10 PM ni saa moja na dakika kumi jioni. Ukipiga simu huduma kwa wateja kwa sababu umetuma pesa kwa namba isiyo sahihi, usitafsiri. Soma namba ya muamala na saa jinsi zilivyoandikwa, ili upate msaada haraka.

Na jambo la mwisho. Kuuliza saa za duka ni bure na hakuhitaji siri yoyote. Ukipiga simu kuuliza saa, halafu anayepokea akakuomba PIN au akakwambia utume pesa kidogo "ya kuhifadhi nafasi", kata simu.

Leo jioni, kabla ya kumtumia mama pesa ya dawa, mwulize kwanza ajenti wa karibu naye anafunga saa ngapi, na duka la dawa je. Pesa ikifika saa mbili usiku na wote wawili wamefunga saa moja, itakaa kwenye simu yake hadi kesho, na dawa itakaa dukani.