Kiti mwendo si cha aliyepooza pekee

Jijini Dar es Salaam, kuanzia Chamazi na Mbagala hadi Tegeta na Bunju, wapo wazee wanaojimudu ndani ya nyumba. Wanashika ukuta hadi chooni, wanatoka mpaka barazani. Safari za zahanati, sokoni na msikitini ndizo zilizokatika, kwa sababu magoti yamechakaa, kiharusi kimelegeza upande mmoja, au moyo mgonjwa hauwapi pumzi ya kufika mbali. Familia ikishauriwa kiti mwendo hujibu, "Bado hajafikia huko." Kwa jibu hilo tunawafungia watu ndani.

Kiti cha kusukuma kwa mikono kinamfaa pia anayetembea kwa maumivu makali, anayeangukaanguka, au anayefika akiwa hoi hata ashindwe kufanya alichokiendea. Nyumbani atumie fimbo, barabarani atumie kiti. Hofu kwamba miguu italala ina msingi: anayekaa kutwa bila mazoezi hulegea misuli, na magoti na nyonga hukakamaa. Dawa yake ni kusimama na kunyoosha viungo kila siku kama alivyoelekezwa. Kumnyima kiti si tiba.

Kwa aliyeumia uti wa mgongo, pengine kwa ajali ya bodaboda au kuanguka kutoka juu ya mti, kiti ni hitaji la kila saa, na aina yake inagusa uhai. Vile vya kukunja vyenye kalio la turubai kavu, tulivyovizoea hospitalini, vinafaa kumhamisha mgonjwa kutoka wodi moja hadi nyingine. Asiyehisi makalio akikaa humo kutwa, mifupa hukandamiza nyama, damu haipiti, na nyama hufa bila maumivu yoyote ya kumwonya. Kidonda cha namna hiyo kinaweza kufika mfupani, na maambukizi yakiingia kwenye damu yanaua. Anahitaji mto maalumu. Anahitaji pia, kila baada ya nusu saa hivi, kuinama mbele kifua kielekee magotini, au kuegemea upande mmoja kisha mwingine, kwa dakika moja au mbili. Ngozi ikaguliwe kila siku; penye rangi iliyobadilika, joto au ugumu pasikaliwe tena mpaka patulie.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti vya kusukuma kwa mikono kwa nchi zenye uwezo mdogo. Msisitizo wake ni kwamba mtumiaji apimwe, kiti kirekebishwe kimkae, afundishwe kukitumia na afuatiliwe baadaye. Kalio lilingane na upana wa nyonga, nyayo zitulie juu ya vikanyagio, na nyuma ya goti ibaki nafasi ya vidole viwili. Mwenye kiharusi mara nyingi husukuma kwa mkono mmoja na mguu mmoja, hivyo kiti chake kiwe chini kiasi cha mguu mzima kugusa ardhi.

Kisha kuna mitaa yetu yenyewe. Kwenye mchanga, magurudumu madogo ya mbele huzama. Msaidizi ayainue, au avute kiti kinyumenyume. Kiti cha magurudumu matatu, lile la mbele likiwa mbali, hutulia zaidi kwenye njia mbovu, ingawa urefu wake unasumbua kukigeuza katika chumba kimoja cha kupanga. Tairi na mpira viwe vile anavyoweza kuvipata na kuviziba fundi baiskeli wa mtaani, la sivyo pancha moja inakirudisha kiti stoo.

Kabla ya kununua au kupokea kiti cha msaada, mpeleke mhusika kwa mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya rufaa ya Temeke au Mwananyamala, au hospitali ya CCBRT iliyopo Msasani. Usiende peke yako kumchukulia: anayepimwa ni yeye.