VIGAE VYA MEZANI: MCHEZO UNAOMFUNZA ASKARI KULISOMA JENGO

Yapo mambo ambayo kwa mtazamo wa kwanza huonekana ni ya watoto, lakini yakichunguzwa hudhihirika kuwa shule kamili. Mojawapo ni ufundi wa kutengeneza vigae vya vyumba na mahandaki, vinavyopangwa mezani ili sanamu ndogo za watu zipitishwe ndani yake. Michezo ya namna hiyo ilienea baada ya Dungeons & Dragons kutolewa Marekani mwaka 1974. Wachezaji hujenga magereza ya hadithi. Lakini asili ya ufundi huu ni ya kijeshi.

Mwaka 1812, Georg Leopold von Reisswitz, mtumishi wa serikali ya Prussia, alimpelekea Mfalme Friedrich Wilhelm III meza yenye vigae vya mraba vilivyoonyesha vilima, mito na vijiji. Kila vilipopangwa upya, ulipatikana uwanja mpya wa vita. Mwanawe, afisa wa mizinga, aliuendeleza mchezo huo kwa kutumia ramani mwaka 1824, na jeshi likaupokea kuwa somo la maafisa.

Hapa Kakiika, ilipo kambi ya Makenke, askari wengi wanaujua mweso: mashimo 32, kete 64. Hata hivyo, ubao wa mweso haubadiliki. Vigae vinne tu visivyofanana, vikipangwa wawili kwa wawili na kugeuzwa kila upande, hutoa mipango 1,536 iliyo mbalimbali. Askari hawezi kukariri jengo. Hana budi kufikiri.

Utengenezaji wake hauna gharama kubwa. Yatosha kuwa na maboksi magumu ya dukani, gundi, kisu kikali, rula na rangi. Kila kigae kikatwe sentimita 15 kwa 15, kisha kichorwe miraba ya sentimita 2.5. Mraba mmoja uhesabiwe kuwa mita 1.5, hivyo kigae kizima ni mita 9 kwa 9. Kuta za sentimita 5 zitasimama badala ya mita 3. Rangi nyeusi hutangulia. Ikikauka, brashi yenye rangi kidogo ya kijivu hupitishwa juujuu ili kingo zionekane. Sharti kuu ni hili: kila njia itokee kwenye miraba miwili ya katikati ya ukingo. Kigae kikikosa sharti hilo, hakitaungana na wenzake.

Kamanda na avipange vigae na kuvifunika, kisha afunue kile tu ambacho sanamu zimekifikia. Hapo maswali huzuka. Nani anautazama mlango wa kushoto? Nani anabaki nyuma? Majeruhi watatolewa kwa njia ipi? Kosa la mezani hurekebishwa kwa mkono. Kosa la ndani ya jengo hulipwa kwa maisha ya mtu.

Tusisahau Entebbe. Kabla ya usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, makomando wa Israeli walifanya mazoezi kwenye mfano wa jengo la uwanja wa ndege. Walipotua, jengo lile halikuwa geni kwao. Walinzi waliokuwa pale kila siku ndio walioshtukizwa.

Kwa polisi, faida si ya mapambano pekee. Moto ukishika bweni usiku, aokoaye ni yule aliyekwisha kujiuliza watoto watapitia wapi. Makazi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958, yamekuwa yakipokea watu wa mataifa mengi, na nyumba zikaongezeka. Ramani ya jana haitoshi mahali kama hapo, bali kigae huhamishwa kwa dakika moja kufuata ripoti ya doria.

Pamoja na hayo, yafaa ieleweke kwamba kigae hakitoi moshi, wala hakina giza, wala mama anayelia chumbani. Mpango uliofaulu mezani sharti ujaribiwe kwa miguu, usiku na mchana, kabla ya kuaminiwa.

Basi, ndugu askari, boksi tupu la dukani lisitupwe ovyo. Kisu, gundi na jioni chache za subira zaweza kuligeuza kuwa mlango ambao siku moja utaujua kabla ya kuufungua.