Jirani asiye na pwani

Wasikilizaji, tangu Chongoleani ichaguliwe kuwa mwisho wa bomba la mafuta ghafi, hakuna kijiwe cha kahawa hapa Tanga ambacho hakina mtaalamu wake wa mafuta. Kipenyo cha bomba wanakijua, na kina cha bahari wanakijua. Anayezungumzwa kidogo ni mwenye mafuta. Wiki hii basi napenda tumtazame jirani yetu Uganda: nchi ya maziwa, isiyo na hata shubiri moja ya pwani.

Tuanze na ramani. Uganda ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 241,000, na karibu sehemu moja kwa sita ya eneo hilo ni maji na vinamasi. Ina sehemu ya Ziwa Viktoria, inapakana na Kongo katika Ziwa Albert na Ziwa Edward, na Kyoga ni lake peke yake. Mto Nile unatoka Ziwa Viktoria pale Jinja na kwenda kaskazini hadi Mediterania, safari ya zaidi ya kilomita 6,000. La ajabu ni kwamba maji ya Uganda yanafika baharini, lakini gunia la kahawa haliwezi kuyafuata, kwani njiani kuna maporomoko, vinamasi vya Sudan Kusini na jangwa. Gunia hilo linapakiwa kwenye lori na kuelekea mashariki, zaidi ya kilomita 1,100 hadi Mombasa.

Tangu siku hizo za reli ya Waingereza, Mombasa ndiyo imekuwa mlango mkuu wa Uganda, na siasa ya nchi hiyo haieleweki bila kuukumbuka mlango huo. Mwezi Februari 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa mali ya Uganda. Kenya haikuhitaji kupeleka vifaru. Mwaka huo huo mizigo na mafuta ya Uganda vilipobanwa, Jemadari aliyezoea kufoka alilazimika kushusha sauti. Mapema mwaka 2008, machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya yalipofunga barabara na reli ikang'olewa Kibera, petroli iliadimika Kampala na hata Kigali, ingawa Waganda hawakupiga kura yoyote katika uchaguzi ule.

Sheria ya kimataifa inasemaje? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unazipa nchi zisizo na pwani haki ya kuifikia bahari na kupitisha mizigo yao katika nchi za jirani. Lakini mkataba huo huo unasema kwamba masharti ya kupita yatakubaliwa baina ya nchi zinazohusika. Maana yake, haki unayo, ila funguo anazo mwenzio. Rais Museveni, aliyeko madarakani tangu Januari 1986, alilirudia jambo hilo mwezi Novemba 2025 kwa mfano wa jengo la ghorofa: akauliza iweje uwanja uwe wa wakazi wa chini peke yao. Wengine walimcheka. Mimi naona alikuwa akieleza hofu ambayo kila kiongozi wa Kampala hulala nayo.

Mafuta yaligunduliwa mwaka 2006 katika bonde la Ziwa Albert. Njia ya kuyapitisha Kenya hadi Lamu ilifikiriwa kwanza, lakini mwaka 2016 Uganda ikaichagua Tanga. Hoja zilikuwa usalama wa njia, gharama ya ardhi na bandari ambayo tayari ipo. Tarehe 5 Agosti 2017 Marehemu Rais Magufuli na mwenzake Museveni waliweka jiwe la msingi Chongoleani. Bomba lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 zimo Tanzania. Linapita mikoa minane, kutoka Kagera hadi kwetu. Na kwa kuwa mafuta yale yana nta nyingi na huganda yakipoa, bomba zima linapashwa moto hadi nyuzi kama 50, usiku na mchana.

Hapo ndipo tunapoiona bei ya kukosa pwani. Nauli iliyokubaliwa ni dola 12.77 kwa kila pipa. Kiwango kilichokusudiwa cha juu ni mapipa 216,000 kwa siku, yaani nauli ya zaidi ya dola milioni 2.7 kila jua linapokuchwa. Nchi yenye mafuta ufukweni hailipi nauli hiyo. Fedha hizo zinaingia katika kampuni ya bomba, ambamo shirika letu la TPDC lina asilimia 15, sawa na shirika la mafuta la Uganda. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62, na CNOOC ya China 8.

Sasa nirudi kwa wataalamu wa vijiweni, maana hapa tunatofautiana. Wengi wanaamini bomba litaifanya Tanga kuwa Mombasa nyingine. Sidhani. Bomba likishafukiwa halina utingo wala halinywi chai Muheza, na matangi huhitaji mafundi wachache tu wenye ujuzi maalumu. Sisi tunasema Tanga waja leo waondoka leo, lakini mafuta haya hata kuonekana hayataonekana. Kazi ya watu wengi iko katika mizigo inayokwenda bara: mbolea, magari, chuma, petroli iliyosafishwa. Hiyo ndiyo hulisha makuli, mawakala wa forodha, madereva na mama lishe.

Na katika mizigo hiyo Uganda ni mteja mjanja, kwa sababu dhiki imemfunza. Mwaka 2023 iligombana na Kenya juu ya uagizaji wa petroli, ikidai madalali wanaipandishia bei. Ikafungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki mwezi Desemba, huku ikitangaza kwamba inaweza kupitia Tanzania. Mwaka 2024 Kenya ikalegeza kamba, na mafuta yakaendelea kuingia kwa njia ile ile ya Mombasa. Kwa maneno mengine, jina la Tanzania lilitumika kupunguza bei dukani kwa mwingine. Simlaumu, mwenye mlango mmoja ni mfungwa.

Bandari yetu imeongezwa kina hadi mita 13, na meli ambazo zamani zilitia nanga nje na kushusha shehena kwa matishari sasa zinafunga gatini. Lakini kutoka gatini hadi Kampala bado ni mbali. Wajerumani walioanza kujenga reli ya Tanga mwaka 1893 walikuwa na ndoto ya kuifikisha Ziwa Viktoria. Mwaka 1901 reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilifika Kisumu, na ya kwetu ilikuwa haijavuka Korogwe. Ilifika Moshi mwaka 1911, ikasogezwa Arusha katika enzi ya Waingereza, ikakomea hapo. Mipango ya kuiendeleza hadi Musoma, mizigo ivuke ziwa kwa meli, imetangazwa na serikali zaidi ya moja. Kati ya Arusha na Musoma hakujalazwa taruma hata moja.