Kuongeza Ukali wa Sehemu Teule ya Picha ya Kidijiti: Mfano wa Picha za Marehemu katika Studio za Buguruni

Buguruni, katika Wilaya ya Ilala jijini Dar es Salaam, ni eneo la soko na makutano ya Barabara ya Uhuru na Barabara ya Mandela. Katika maeneo ya aina hii, studio ndogo hupiga picha za pasipoti, huchapa picha za harusi na hukuza picha za marehemu. Kazi hii ya mwisho ndiyo yenye uzito zaidi. Familia iliyofiwa huweza kuwa na picha moja tu inayofaa, tena iliyopigwa kwa simu, marehemu akiwa amesimama kati ya watu wengi. Fundi hutakiwa kuutenga uso huo, kuukuza na kuutoa ukiwa unaonekana vizuri kabla ya mazishi. Makala haya yanafafanua jinsi ukali wa sehemu teule ya picha unavyoongezwa, na mahali ambapo mbinu hiyo hufikia kikomo.

Ukali wa picha hutegemea tofauti ya mwanga kati ya pikseli zinazopakana. Ili kuuongeza, programu hutengeneza nakala ya picha yenye ukungu, huilinganisha na picha asilia, kisha huzidisha tofauti zinazojitokeza kwenye kingo. Upande wenye giza huongezewa giza na upande wenye mwanga huongezewa mwanga. Asili ya mbinu hii ni chumba cha giza cha zama za filamu, ambamo nakala yenye ukungu ilipachikwa pamoja na negativu halisi wakati wa kusafisha picha. Programu kama Photoshop, iliyotolewa mwaka 1990, na GIMP, inayopatikana bila malipo, hufanya kazi hiyohiyo kwa hesabu.

Vidhibiti vikuu ni vitatu. Kiasi huamua nguvu ya badiliko; nusukipenyo huamua upana wa ukingo unaoguswa; kizingiti huamua tofauti ndogo zipi ziachwe kama zilivyo. Nusukipenyo kikiwa kikubwa kupita kiasi, mstari mweupe huuzunguka uso, na picha huonekana kama imekatwa na kubandikwa.

Hata hivyo, programu haitofautishi unyusi na chengachenga. Picha nzima ikiongezwa ukali, ngozi huparara na ukuta ulio nyuma hujaa madoa. Kwa sababu hiyo, fundi kwanza huikuza picha hadi kipimo cha kuchapa, kisha hunakili tabaka lake na kuongeza ukali kwenye nakala ya juu. Tabaka hilo hufunikwa kwa maski nyeusi, inayoficha badiliko lote. Baadaye, kwa brashi laini yenye rangi nyeupe, hufunuliwa macho, nyusi, midomo na mstari wa nywele, pamoja na ukingo wa kofia au kilemba kama vipo. Mashavu, paji la uso na mandhari ya nyuma huachwa. Ukali ukizidi, fundi hupunguza uzito wa tabaka bila kuharibu picha asilia.

Pamoja na manufaa hayo, mbinu hii haiongezi taarifa ambayo kamera haikuinasa. Tuseme uso katika picha ya kundi una upana wa pikseli 300, nao unatakiwa kuchapwa kwa upana wa sentimita 10. Kila inchi itapata takribani pikseli 76, ilhali uchapaji mzuri wa picha ya kushikwa mkononi hulenga pikseli 300. Hakuna kidhibiti kinachoziba pengo hilo. Kinachowezekana ni kuchapa kwa kipimo kidogo zaidi, au kukubali ulaini kiasi, hasa ikiwa picha itatazamwa kwa mbali.

Hivyo basi, uamuzi wa fundi ni wa kiufundi na wa kimaadili kwa wakati mmoja. Jicho la mtazamaji hutangulia kwenye macho ya aliyepigwa picha. Yakionekana vyema, ulaini wa sehemu nyingine huvumilika. Lakini mikunjo ikikolezwa kupita kiasi, marehemu huzeeshwa, na sura iliyochongwa upya huweza kuwa ngeni kwa wanawe. Kipimo cha mwisho cha kazi hiyo ni waliomfahamu marehemu kuitazama picha na kumtambua.