Gari Likigoma Kuwaka, Tafuta Sababu Kwanza

Hapa Kinampanda mvua hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Miezi hiyo gari la zamani huweza kukaa tu nyuma ya nyumba. Kiangazi kikiingia, alizeti inataka kwenda mashineni, na pengine mgonjwa anataka kufikishwa Kiomboi. Mwenye gari anazungusha ufunguo: kimya! Basi anauza mbuzi, ananunua betri mpya. Kumbe ubovu ulikuwa uchafu tu.

Leo tutaeleza jinsi ya kutafuta ubovu wa gari la petroli lenye kabureta, kama zile Land Rover za zamani. Injini hiyo inahitaji vitu vinne: nguvu ya kuizungusha, cheche, mafuta na hewa. Kikikosekana kimoja, haiwaki ng'o. Tutafute ni kipi.

Kwanza, fungua boneti. Pima oili na maji. Je, panya wametafuna waya? Wamejenga kiota kwenye kichujio cha hewa? Ondoa uchafu wote.

Pili, betri. Betri ikikaa miezi mingi, umeme wake hupungua wenyewe. Washa taa kubwa, kisha zungusha ufunguo. Taa zikififia sana, betri imeishiwa nguvu au vichwa vyake vina kutu. Taa zikibaki na mwanga lakini starta iko kimya, kagua starta na waya zake.

Ukiona ungaunga kwenye vichwa vya betri, fungua waya, ukianza na ule uliofungwa kwenye bodi. Safisha kwa maji ya moto yenye magadi, lakini yasiingie ndani ya betri. Kausha, sugua kwa msasa, kaza. Ndani ongeza maji ya betri tu. Ya kisima yana chumvi. Usivute sigara hapo, maana betri hutoa gesi inayolipuka.

Tatu, cheche. Kama injini inazunguka vizuri lakini haiwaki, fungua plagi moja. Irudishe kwenye waya wake, uilaze juu ya chuma cha injini, mbali na tundu lake. Usiishike! Mwenzako azungushe ufunguo. Cheche ya bluu ikiruka, umeme upo. Isipoonekana, zima ufunguo, fungua kifuniko cha distributa, kausha unyevu, na usugue pointi kwa msasa laini. Zikikaa bila kazi hushika kutu.

Nne, mafuta. Petroli ya siku nyingi huchakaa. Sehemu yake nyepesi hupaa, na inayobaki hunuka kama rangi na kuziba kabureta. Tena maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hutulia chini ya tangi. Zima ufunguo, weka moto mbali, kisha toa mafuta kidogo chini ya tangi uyakinge kwenye chupa ya kioo. Maji yataonekana chini. Mafuta yakiwa mabaya, yamwage yote mahali salama, safisha kabureta, tia mapya.

Jamani, tusinyonye petroli kwa mdomo. Ikiingia mapafuni inaweza kuua. Wala tusiimimine kwenye kabureta huku injini inazungushwa. Gari huweza kushika moto.

Kila hatua, andika katika daftari: tarehe, ulichokagua, ulichokuta. Gari likizidi kugoma, mwite fundi na umsomee. Hataanza upya, wala hatakuambia ununue kifaa ambacho umekwisha kuona kuwa ni kizima. Hii ndiyo faida ya kujua kusoma na kuandika: fedha yako inabaki mfukoni.

Maswali ya kujadili:
1. Taa zikififia unapozungusha ufunguo, utakagua nini?
2. Kwa nini maji hukaa chini ya petroli?
3. Katika kijiji chenu, gari gani hutegemewa kubeba wagonjwa, na nani hulikagua?