Nani Kachezea Laptopu Yetu?

Tulubaa imepotea, matangazo ya wachumba yanajitokeza yenyewe, na ndani ya nyumba maneno yameshaanza. Kabla hujamnunia mwenzako, pitia hapa kwanza.

Chukulia hivi. Mnaishi Kitangari, wilayani Newala. Wewe ni mwalimu, mwenzako yuko kwenye mambo ya korosho, na nyumba nzima ina laptopu moja. Jumamosi jioni umeme upo, bando lipo, unataka kuwatumia ndugu picha mlizopiga Shimo la Mungu. Unafungua brauza, eh! Ule mstari wa juu wenye vitufe haupo. Mahali pa Google pamekuja ukurasa mwingine wa kutafutia ambao hujawahi kuuona. Na pale chini pembeni anachomoza binti aliyevaa nusu uchi, anakwambia yuko karibu na wewe, anakusubiri.

Karibu na wewe? Kitangari hii hii?

"Baba nanii, hebu njoo. Hii ni nini?"

"Mimi nitajuaje, mama? Juzi si ulikuwa nayo wewe."

"Nilikuwa natazama mshahara wangu. Huyu dada ni mshahara?"

Mengine unayajua mwenyewe. Mmoja analala amegeukia ukutani, mwingine anakaa sebuleni na simu yake. Kesho yake shemeji kashapigiwa.

Sasa tulia, msomaji wangu. Hapo yametokea mambo matatu tofauti, kila moja na sababu yake, na hakuna hata moja linalothibitisha kwamba kuna mtu anatafuta mchumba. Mwenye kosa hasa ni mtu aliyebonyeza "Next, Next, Next" bila kusoma, na huyo anaweza kuwa yeyote kati yenu, pamoja na yule mdogo wako aliyekuja likizo kutoka Masasi.

Mstari uliopotea

Tuanze na jepesi. Mstari wa juu ukipotea ghafla, mara nyingi hakuna kilichoharibika. Kuna mtu, au mtoto, kagusa kitufe cha F11. Hicho kinaifanya brauza ijaze kioo chote na kuficha kila kitu cha juu. Bonyeza F11 tena, vitu vinarudi. Kwenye laptopu nyingi inabidi ushikilie na kitufe cha Fn pale chini kushoto, ndiyo maana watu wanabonyeza mara kumi na hakuna kinachotokea, mwisho wanapanda gari kwenda Newala kwa fundi.

Kama kinachokosekana ni ile safu ya tovuti unazozihifadhi, ambayo ukibofya mara moja unafika, shikilia Ctrl na Shift halafu gonga B. Inafanya kazi kwenye Chrome, Edge na Firefox pia. Na kama unatumia Firefox na menyu ya juu imepotea, gusa Alt itokee, kisha bofya kitufe cha kulia cha mausi kwenye eneo tupu la juu, uweke alama kwenye menyu yako ili isitoroke tena.

Hapo hakuna hata bando lililotumika. Fundi akikutoza pesa ya soda kwa kazi hiyo, mpe tu, lakini ujue umelipia kitufe kimoja.

Wageni waliodandia

La pili ndilo lenye mambo. Ule ukurasa wa ajabu wa kutafutia haukuja wenyewe. Umedandia.

Waliojifunzia intaneti kwenye kafe za miaka ya 2000 wanakumbuka. Ulikuwa unafungua Internet Explorer unakuta tulubaa nne tano zimepangana kama masufuria, ukurasa wenyewe umebaki nafasi ya kiganja. Ya Google, iliyotoka mwaka 2000, watu waliitaka wenyewe kwa sababu ilikuwa na faida. Nyingine nyingi hakuna aliyeziita. Maarufu kuliko zote pengine ni Ask Toolbar, iliyokuwa inakuja pamoja na Java. Java ilihitajika kwenye mashine nyingi, kwa hiyo ukiisasisha unakuta kiboksi kimeshawekwa tiki kwa ajili yako. Usipokitoa tiki, Ask inaingia na kukubadilishia mahali pa kutafutia. Hadi Juni 2015 ndipo Microsoft walipoanza kuyahesabu matoleo ya zamani ya tulubaa hiyo kuwa programu zisizotakiwa.

Kwa nini mtu ahangaike kukuwekea kitu usichokitaka? Pesa, ndugu yangu. Mwenye programu ya bure analipwa kwa kila kompyuta ambayo mdandiaji ameingia. Mdandiaji naye anapeleka utafutaji wako kwenye ukurasa wake wenye matangazo, na kila ukibofya tangazo kuna anayeingiza senti. Mtu mmoja ni senti, watu milioni ni biashara. Huhitaji hata kuwa na pesa ili uwe mteja wao, macho yako yanatosha.

Na usidhani ni vijikampuni vya uchochoroni tu. Februari 2015 ilibainika kwamba Lenovo walikuwa wameuza laptopu mpya zikiwa na programu ya Superfish ndani, inayopachika matangazo kwenye kurasa unazosoma, na mbaya zaidi, ililegeza ile kufuli inayokulinda unapoingia benki. Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliwatoza Avast dola milioni 16.5 kwa kukusanya na kuuza habari za kurasa walizotembelea watumiaji wao. Ndiyo, Avast, ile ile watu wengi waliyoipakua bure ili iwalinde na virusi! Kazi hiyo ilifanyika kupitia programu yenyewe na nyongeza zake za kwenye brauza.

Siku hizi tulubaa za zamani zimekwisha, na Internet Explorer yenyewe ilistaafishwa Juni 2022. Mdandiaji wa leo ni nyongeza ndogo ya kwenye brauza, ikoni yake kama punje ya mchele, inayojidai kukusaidia kugeuza PDF, kushusha video au kukutafutia bei nafuu. Anaingia vipi nyumbani kwenu? Unatafuta wimbo wa bure au filamu, unakuta ukurasa una vitufe vitano vikubwa vya kijani, vyote vimeandikwa Download, na cha kweli ni kidogo kimejificha chini. Au unaenda na flashi kwa mtu wa steshenari, anakurushia "ofisi" ya bure, na ndani yake mna wenzake watatu.

Wanachuo wa Chuo cha Ualimu pale Kitangari na walimu wenzao wanahangaika sana na mafaili ya notisi na mitihani, na nyongeza za "kubadilisha PDF kuwa Word" ndiyo mtego wao. Brauza yenyewe inafungua PDF bila msaada wa mtu.

Yule binti wa pembeni

Huyu ndiye aliyewagombanisha, kwa hiyo tumpe nafasi yake.

Mara nyingi huyu hata siyo programu. Ni taarifa inayorushwa na tovuti uliyoiruhusu. Ulifungua ukurasa fulani, ukaambiwa "bonyeza Allow kuthibitisha kwamba wewe siyo roboti". Ukabonyeza, maana roboti wewe siyo. Kumbe umeipa tovuti hiyo ruhusa ya kukurushia matangazo hata brauza ukiwa umeifunga. Ukurasa wenyewe unaweza kuwa wa mpira, wa matokeo ya mitihani ya kughushi, wa filamu. Anayekuja baadaye kwenye kioo ni binti, au jamaa mwenye misuli, au onyo la uongo kwamba kompyuta ina virusi 13.

Na hilo neno "karibu na wewe"? Tovuti inakisia eneo kutokana na mtandao unaoutumia, na kwa mtu wa Kitangari inaweza kukuambia uko Dar es Salaam. Picha ni ile ile anayotumiwa mtu wa Mombasa na wa Bujumbura. Binti hayupo.

Simu nayo iko hivyo hivyo. Chrome ya kwenye simu ya Android haikubali nyongeza kama ya kompyuta, kwa hiyo ukiona matangazo ya namna hiyo yanashuka kutoka juu, anza kushuku ruhusa hizi.

Kufagia kwenyewe

Fanyeni wote wawili, mmekaa meza moja. Siyo kwa ajili ya mahaba, hapana, ila kila mmoja anajua alichokiweka mwenyewe, na bila hivyo mtafuta kitu cha mwenzako.

Anzeni na Windows yenyewe. Nendeni kwenye Settings, halafu Apps, muone orodha ya programu zote, mzipange kwa tarehe ya kuingia. Tatizo limeanza Jumatano? Tazameni kilichoingia Jumatano na siku mbili nyuma. Usichokijua jina, kitafute kwanza kwenye simu kabla ya kukifuta, maana kuna vitu vya mashine vyenye majina ya ajabu ambavyo ni halali.

Kisha ingieni kwenye brauza. Kwenye Chrome andika chrome://extensions pale juu, kwenye Edge ni edge://extensions, kwenye Firefox ni about:addons. Ondoeni kila ambacho hakuna kati yenu anayeweza kusema kinafanya kazi gani. Bado hapo hapo kwenye mipangilio, tafuteni sehemu ya Notifications mfute tovuti zote zilizoruhusiwa. Yule binti ataondoka sekunde hiyo hiyo. Rudisheni na ukurasa wa kutafutia mnaoutaka.

Wengi wanaishia hapo, kesho mgeni karudi. Kuna maficho mawili. Bofya kwa kitufe cha kulia ikoni ya brauza pale kwenye dawati la kompyuta, fungua Properties, utazame mstari wa Target. Ukikuta mwishoni kuna anwani ya tovuti imeongezwa, huyo ndiye, futa hiyo anwani peke yake. Maficho ya pili ni akaunti ya Google. Kama akaunti moja imefunguliwa kwenye laptopu ya nyumbani, ya ofisini na ya yule mtu wa steshenari, basi nyongeza iliyowekwa kule inakuja huku yenyewe. Mnafagia, inarudi, mnafagia, inarudi.

Ikishindikana, Chrome ina kitufe cha kurudisha mipangilio ya mwanzo, na Firefox ina cha Refresh. Vyote havifuti paswedi wala tovuti mlizohifadhi, ila cha Chrome kinaweza kuwatoa kwenye baadhi ya akaunti mlizoingia. Windows 10 na 11 zina ulinzi wao wa Defender, na ndani yake kuna swichi ya kuzuia programu zisizotakiwa. Iwasheni. Na kama bado mko Windows 10, Microsoft walisitisha huduma yake ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu iliyonunuliwa mtumba Kariakoo ni ya kuulizwa swali hilo kabla ya mengine yote.

Akaunti moja, watu wawili

Kuna wapenzi wanaotumia akaunti moja ya Google kama ushahidi wa kuaminiana. Kwa maoni yangu hayo ni kujitafutia kesi. Alichotafuta mmoja kinajitokeza kwa mwingine. Mama katafuta zawadi ya kumshtukiza mumewe, baba anaiona kabla ya siku. Baba katafuta dawa ya fangasi, mama anaanza kuuliza umeipata wapi. Chrome inaruhusu kila mtu awe na dirisha lake ndani ya laptopu ile ile: bofya ile picha ndogo ya duara juu kulia, ongeza mtu. Siyo siri, ni kama kila mmoja kuwa na mswaki wake. Na likitokea tatizo mtajua limeingilia dirisha gani, bila kelele.

Wapo pia wanaoruka hatua hizi zote. Badala ya kuuliza, wanamwekea mwenzao programu ya kupeleleza ili waone kila anachoandika. Hapo siyo matangazo tena. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini na kunasa mawasiliano yake, na haina mahali inaposema "isipokuwa mumewe" au "isipokuwa mkewe". Mwenye wasiwasi na simu au kompyuta yake apitie ile ile orodha ya programu kwa tarehe, na asisahau ruhusa za ndani ya simu, hasa zile zinazoipa programu uwezo wa kusoma kioo.

Mkishamaliza kufagia, badilisheni paswedi. Baada ya kufagia, siyo kabla, maana ukibadilisha wakati mgeni bado yumo unampa na mpya. Anzeni na ya barua pepe, kwa sababu ndiyo inayoweza kufungua nyingine zote, halafu ya benki, halafu ya ule mfumo wa mshahara. Kila moja tofauti. Na isiwe tarehe ya harusi, hiyo kila mtu aliyepata kadi yenu anaijua.